Unapohema ngazini, moyo wako unafanya kazi gani?

Umetoka mjini jioni, mkono mmoja mfuko wa viazi na wa pili pakiti ya unga. Mnaishi ghorofa ya nne na jengo halina lifti, au lifti ipo lakini imebandikwa karatasi mlangoni kwamba imeharibika. Watoto wanatangulia mbio wakicheka. Kufika ghorofa ya pili, kifua kinaanza kupanda na kushuka. Kwenye ya tatu unasimama na kujifanya unatafuta funguo mkobani. Hatimaye unaingia nyumbani ukiwa huwezi hata kuitikia salamu, na kitindamimba wako anakukodolea macho: "Mama, mbona moyo wako unasikika mpaka hapa?"

Wengi wetu tuna jibu lililo tayari. Tunasema umri umesonga. Utamsikia mtu wa miaka 35 akisema hivyo, tena bila haya. Ukweli ni kwamba umri husingiziwa mambo mengi ambayo haukuyafanya, na hili la kuhema ngazini ni mojawapo. Ili uelewe kwa nini, ni lazima tuingie kifuani tuone kinachotendeka humo unapokanyaga kidato cha kwanza.

Lakini kabla hujaendelea, weka gazeti chini kidogo. Geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu, kisha uweke ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo, upande wa kidole gumba. Bonyeza polepole mpaka uhisi mdundo. Hesabu midundo hiyo kwa sekunde 30, halafu uzidishe kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Watoto wadogo huwa juu zaidi, kwa hivyo usishtuke ukimpima yule wa darasa la kwanza. Andika hesabu yako ukingoni mwa ukurasa huu. Tutairudia.

Sasa tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Tuseme moyo wako unapiga mara 70 kwa dakika. Kila pigo husukuma takriban mililita 70 za damu, yaani kadiri ya kikombe kile kidogo cha kahawa chungu inayouzwa barabarani kule Mombasa. Ukizidisha utapata karibu lita tano kwa dakika. Mwili wa mtu mzima nao una damu kiasi cha lita tano hivi. Kwa maneno mengine, damu yote uliyo nayo inapita moyoni mara moja kila dakika, nawe umeketi tu kwenye kochi ukisoma gazeti.

Iwapo damu hiyo ingekuwa inatiwa mitungini, ungejaza mtungi wa lita 20 kila baada ya dakika nne. Kwa siku nzima ni mitungi 360. Mwulize mwuza maji wa mtaani kwenu angehitaji safari ngapi za mkokoteni kuifikisha yote. Kazi hiyo inafanywa na msuli usiozidi ngumi yako kwa ukubwa, wenye uzani wa gramu 300 hivi, usiojua Jumapili wala likizo.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyompa ushahidi tabibu Mwingereza William Harvey, aliyechapisha kitabu chake kuhusu moyo mnamo 1628. Wakati huo wasomi waliamini kwamba damu hutengenezwa inini kutokana na chakula, kisha ikatumiwa na mwili na kwisha. Harvey alipiga hesabu akaona moyo unasukuma damu nyingi mno kwa muda mfupi, kiasi kwamba hakuna chakula ambacho kingeweza kuitengeneza kwa kasi hiyo. Basi lazima damu iwe ni ile ile, inazunguka na kurudi ilikotoka. Ajabu ni kwamba jambo hili ambalo leo tunalichukulia la kawaida lilimletea upinzani mkali.

Mzunguko wenyewe una njia mbili. Upande wa kulia wa moyo hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni, ambako inatua mzigo wa hewa chafu na kupakia oksijeni. Upande wa kushoto huipokea ikiwa safi na kuisukuma hadi utosini na hadi kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Upande wa kushoto una ukuta mnene kuliko wa kulia, kwa sababu safari yake ni ndefu. Milango iliyo katikati, ambayo wataalamu huiita vali, hufunguka upande mmoja tu. Mlio ule wa du-dup ambao daktari husikiliza kifuani ni wa milango hiyo ikifungwa.

Haya, tupande ngazi.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba moyo hauanzi kwenda mbio kwa sababu umechoka. Unaanza mapema zaidi, pengine hata kabla hujanyanyua mguu. Mwanafunzi anayesubiri nje ya chumba cha mtihani analifahamu hili vizuri: hajaandika hata neno, lakini kifua kinadunda kama ngoma. Ubongo huuarifu moyo kwamba kuna kazi inakuja.

Jinsi ubongo unavyofanya hivyo ni sawa na dereva wa matatu. Moyo ukiachwa pekee yake, bila amri ya neva yoyote, ungepiga karibu mara 100 kwa dakika. Sababu ya kupiga 70 ni kuwa kuna neva moja ndefu itokayo kichwani ambayo kazi yake ni kuukanyagia breki saa zote. Unapoanza kupanda ngazi, kwanza ubongo unaachilia breki. Mapigo yanaruka mara moja, katika muda wa sekunde chache. Ukiendelea kupanda, ndipo unakanyaga mafuta: neva nyingine zinauchochea moyo, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini ndani ya damu. Sasa moyo unapiga kwa kasi, na kila pigo lina nguvu zaidi.

Wakati huo huo kuna shughuli nyingine inayoendelea, nayo wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa kwa kirefu kwani wanaishi nayo. Ni mgao. Damu ni lita tano tu, haiwezi kujaa kila mahali kwa wakati mmoja. Mishipa midogo inayopeleka damu viungoni imezungukwa na misuli myembamba inayoweza kuibana au kuilegeza, mithili ya mkono unaofunga na kufungua mfereji. Ukiwa umetulia, misuli ya mwili hupata takriban moja kwa tano tu ya damu yote, na sehemu kubwa inakwenda tumboni, kwenye ini na kwenye figo. Ukikimbia kwa nguvu, mifereji ya tumbo inabanwa na ya miguu inafunguliwa, hata misuli ikapata zaidi ya asilimia 80. Ngozi nayo inafunguliwa ili joto litoke pamoja na jasho. Mtaa mmoja tu haukatiwi maji hata siku moja, nao ni ubongo.

Ndiyo sababu ukila ugali na nyama ya kukaanga saa saba, kisha ukaitwa kucheza kandanda saa saba unusu, tumbo litakusokota. Tumbo na miguu vinagombania mfereji mmoja.

Damu ikishafika miguuni ina kazi ya kurudi juu, na huko hakuna pampu ya kuivuta. Hapa mwili una ujanja ambao huwa unanifurahisha kuliko mengine yote. Mishipa ya kurudisha damu imepita katikati ya misuli ya miguu, na ndani yake mna vali ndogo ndogo zinazozuia damu isirudi chini. Kila unapopiga hatua, mashavu ya miguu yanajikaza na kuikamua mishipa hiyo, na damu inapanda. Mwendo wako mwenyewe unakuwa moyo wa pili. Sasa utafahamu kwa nini wanafunzi huanguka wakiwa wamesimama wima gwarideni, jua kali, hotuba ndefu. Hawakukosa chai pekee. Misuli ya miguu imetulia tuli, damu imejikusanya chini, na ubongo umepungukiwa. Anayejua siri hii hujikunja vidole ndani ya viatu na kukaza mashavu ya miguu kwa siri huku mgeni wa heshima akiendelea kuhutubu.

Kwa jumla, kijana mwenye afya ya kawaida akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wake unaweza kusukuma lita 20 kwa dakika. Mtungi mzima! Mkimbiaji wa kimataifa hupita lita 30.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Ungedhani moyo wa mkimbiaji unapiga haraka zaidi. La hasha. Upeo wa mapigo hutegemea zaidi umri kuliko mazoezi. Makisio ya kawaida ni kuchukua 220 ukatoa umri wako, ijapokuwa watu hutofautiana. Kijana wa miaka 20, awe bingwa au mvivu, atafikia karibu 200. Linalotofautiana ni kikombe. Wa kawaida akiwa mbioni humimina mililita 100 hivi kwa kila pigo, lakini bingwa anakaribia 200, yaani bilauri nzima. Chumba cha moyo wake kimepanuka, damu yake imeongezeka, na misuli ya miguu yake imeota mishipa midogo mingi ya kuipokea.

Na kwa kuwa kikombe chake ni kikubwa, akipumzika hana haja ya kukichota mara nyingi. Ndiyo maana wanariadha wa mbio ndefu hupatikana na mapigo 40 tu kwa dakika, hesabu ambayo kwa mtu mwingine ingemtia daktari wasiwasi. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kule Vienna mnamo Oktoba 12, 2019 kwa saa 1:59:40, alikuwa akikata kila mita 100 kwa sekunde 17. Nenda uwanjani ujaribu mita 100 moja kwa kasi hiyo, kisha ukumbuke kwamba yeye alifanya hivyo zaidi ya mara 420 mfululizo. Sisi tulikuwa mbele ya televisheni, soda mkononi, tukisema Wakenya tunajua kukimbia.

Kwa mtu asiyezoea, hali ni kinyume. Kikombe ni kidogo, kwa hivyo moyo hauna budi kukichota haraka haraka, na bado hautoshelezi. Misuli inakosa oksijeni ya kutosha na kuanza kutumia njia ya mkato inayozalisha asidi. Hewa chafu inajaa katika damu, ubongo unaigundua, na kuamrisha mapafu yaitoe upesi. Kuhema kwako ndiko huko. Si uzee unaobisha hodi.

Ushahidi wa jambo hili ni kisa ambacho kila mwenye kochi angefaa kukijua. Mnamo 1966, wataalamu wa chuo kikuu cha matibabu mjini Dallas, Marekani, waliwachukua vijana watano wenye miaka 20, wazima wa afya, wakawalaza kitandani wiki tatu mfululizo. Hakukuwa na kutembea hata hatua moja. Walipoamshwa na kupimwa, uwezo wao wa kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Mioyo ilikuwa inasukuma damu kidogo kwa kila pigo. Kisha walipewa mazoezi kwa muda wa wiki nane, na wote walirudi pale walipokuwa, hata wakapita.

Kisa hakikuishia hapo. Miaka 30 baadaye, mnamo 1996, watano hao walitafutwa tena. Walikuwa na miaka 50, wamenenepa, kama sisi. Walipopimwa, ilionekana kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa dhaifu kama alivyokuwa siku ile alipotoka kitandani akiwa kijana. Wiki tatu za kulala ziliwadhuru kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Halafu walipewa mazoezi ya polepole kwa miezi sita, ya kutembea, kukimbia kidogo na kuendesha baiskeli isiyosonga. Uwezo wote waliokuwa wamepoteza kwa miaka 30 ulirudi.

Huenda ukasema hao ni watu wa maabara. Basi tuje kwenye mabasi, ambayo kila mmoja wetu anayajua.

Katika miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris wa London alijiuliza kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiwaua wanaume wengi nchini Uingereza. Akawachunguza wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva aliketi siku nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli, vidato 500 hadi 750 kwa siku. Wote walikuwa wakifanya kazi katika basi moja na kuvuta moshi wa mji mmoja. Matokeo yalitangazwa 1953: makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na waliopatwa nao walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi, tena kwa makali pungufu.

Ninachompendea daktari huyo ni kwamba hakukimbilia kushangilia. Alijiuliza, je, labda wanene ndio waliopenda kuwa madereva tangu mwanzo? Akaenda kwenye rejista ya sare na kutazama ukubwa wa suruali walizopewa. Naam, madereva walikuwa na viuno vipana hata walipokuwa bado vijana. Kwa hivyo sehemu ya tofauti ilikuwepo kabla ya kuanza kazi. Lakini alipowalinganisha watarishi wa posta waliopeleka barua kwa miguu na baiskeli na makarani wa posta hiyo hiyo, hali ilikuwa ile ile: wanaotembea walikuwa salama zaidi. Morris mwenyewe alifariki 2009 akiwa na miaka 99.

Sijasikia mtu aliyewapima madereva na makanga wa matatu zetu kwa njia hiyo. Lakini ukimtazama yule kijana anayening'inia mlangoni, akiruka chini kila kituo na kuikimbilia gari ikiondoka, ukamlinganisha na aliyefungiwa nyuma ya usukani kwa saa 14, utakubali kwamba swali lenyewe lina maana.

Sisi abiria tumo katika kundi la dereva. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mnamo 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Shinikizo haliumi. Mtu hulitembea nalo miaka, huku moyo ukisukuma damu katika mishipa iliyokakamaa.

Mazoezi yanaingia hapo kwa njia inayochanganya wengi. Ukiwa ngazini shinikizo linapanda. Hilo ni la kawaida. Lakini ukishatulia, mishipa iliyolegezwa hubaki imelegea kwa saa kadhaa, na shinikizo hushuka chini ya pale lilipoanzia. Ukirudia siku baada ya siku, mwili unazoea kiwango hicho cha chini. Zaidi ya hayo, msuli wa moyo wenyewe hupata damu yake hasa katikati ya pigo na pigo, unapopumua. Moyo unaopiga mara 60 una nafasi ndefu ya kujilisha kuliko unaopiga 90.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mnamo 2020 kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na watoto dakika 60 kila siku. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Zamani ilisemwa kwamba chini ya dakika kumi kwa mpigo mmoja si mazoezi. Sharti hilo liliondolewa. Ngazi zako za ghorofa nne, asubuhi na jioni, zinahesabiwa. Kushuka matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani kunahesabiwa pia, ikiwa tu utapata pa kukanyaga, maana njia za waenda kwa miguu katika mitaa mingi zimekuwa za pikipiki na vibanda.

Tahadhari ni muhimu. Ikiwa una kisukari, shinikizo, mimba au umewahi kuugua moyo, zungumza na daktari kwanza. Na kuhema kwa kutozoea kusichanganywe na hatari. Maumivu kifuani kama uliyewekewa gunia, yanayoshuka mkono wa kushoto au kupanda hadi taya, jasho baridi, kuzirai, au kukosa pumzi hata ukiwa umeketi: hayo ni ya kwenda hospitalini mara moja, si ya kungoja asubuhi.

Kwa wengine wote, rudi kwenye ile hesabu uliyoiandika ukingoni. Kesho panda ngazi zako kwa mwendo wa kawaida, na ukifika mlangoni mpe mtoto saa ahesabu sekunde huku wewe ukihesabu mapigo. Pumzika dakika moja, uhesabu tena. Kadiri moyo unavyozoea, ndivyo hesabu ya pili inavyoshuka haraka kutoka ile ya kwanza. Ziandike zote mbili kwenye daftari la mtoto, pamoja na tarehe, mrudie baada ya wiki nane kwenye ngazi zile zile, na mfuko wa viazi uwe wa uzani ule ule.